Nafasi ya Mama Kupita

Tarehe 6 Februari

Kwako binti yangu,

Pokea salamu. Mimi ni mzima, tena mzima kuliko vijana wa huku wanaohema wakipanda ngazi tatu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu, kwa hiyo ukiona herufi zinapanda mlima na kushuka ujue ni za baba yako, na usicheke. Shule sikukaa, lakini boti nilizounda zote zinaelea, hata moja haijazama, uliza popote.

Habari za nyumbani ni nzuri. Bati la jikoni nimelipiga misumari mipya. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu, mdomo wake bado unashona kuliko mashine yake. Mama yako hajambo. Anakula kidogo kwa sababu ya joto. Simu usiulize, ilitumbukia majini na sitaki nyingine. Kwenye simu mtu anakwambia "nakusikia" huku anachambua mchele. Barua haichambui mchele.

Sasa neno lenyewe. Unaijua boti yetu ndogo ya matanga, ile niliyoiunda kwa mabaki ya mbao niliyopewa siku nilipoagwa karakanani, na unaujua usukani wake. Gurudumu kubwa namna ile, tena la mbao, lililopigwa msasa mpaka unajiona uso, hakuna tena. Watu husimama gatini kulitazama. Ila limejaza kile kishimo cha nyuma tunachokaa, kutoka benchi hadi benchi. Anayetoka mlangoni kwenda kiti cha nyuma lazima apande juu ya benchi alizunguke. Mimi naruka kama mbuzi. Mama yako unajua kwa nini nilimwita Nanga, akikaa yeye boti haichezi. Siku zote alikuwa akipanda lile benchi huku ananitukana, anafika, anakaa karibu yangu na chupa yake ya chai. Tangu mwaka jana mwishoni hapandi. Anasema mguu hauinuki. Ameniambia mbele ya jirani, "Chagua moja, mzee, usukani wako au mimi."

Kwa hiyo nataka usukani usiokula nafasi. Nikiupata, Nanga atapita katikati kama malkia, tutakwenda majini, atapigwa na upepo, hamu ya kula itarudi. Ninyi huko kwenye karakana yenu kubwa mnaunda boti za kisasa, hebu niambie mnafanyaje. Si kwamba sijui. Nataka kuona kama ninyi mnajua.

Baba yako,
Fundi ambaye boti zake hazijazama


Tarehe 27 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika na sikucheka, nilitabasamu tu. Sisi hatujambo. Mkweo amehamishiwa zamu ya asubuhi, sasa tunaonana wakati wa kula. Mchumba wako mdogo ameota jino la pili na amelijaribu kwenye kidole changu. Ukija atakuuma na wewe.

Kuhusu usukani, karakanani tunafanya hivi, mteja akilalamika kwamba kishimo ni kidogo. Njia rahisi ni kuachana na gurudumu kabisa na kuweka kana, ule mti mmoja tu unaoshikwa nyuma. Mkifika unauinua juu, na sakafu yote inabaki wazi. Wengine tunawawekea gurudumu dogo, ingawa dogo linataka nguvu ya mkono. Boti pana tunaziwekea magurudumu mawili madogo, moja kila upande, watu wanapita katikati, lakini yako si pana. Kuna gurudumu linalochomolewa na kutundikwa kwenye reli mkishatia nanga. Na kuna lile ninalolipenda mimi: duara limekatwa ubavuni huku na huku, likatiwa bawaba, linakunja pande zake kama kuku aliyelala. Hilo ndilo kazi yangu siku hizi.

Baba, kila barua yako mama huongeza mstari wake chini, hata kama ni wa kunigombeza kwamba siandiki. Safari hii sikuuona. Na joto la Februari limeanza lini kumkatisha mtu chakula? Mwambie namwulizia. Na wewe unijibu.

Binti yako


Tarehe 20 Machi

Kwako binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za jino. Mwambie mchumba wangu awahi kuota yote, maana mimi yangu yanahama.

Huku mvua imeanza. Kinyozi wa kona ameoa tena, hakuna anayejua amempa nini yule mwanamke. Fundi cherehani haishi kuja hapa, na nimemgombeza, maana ameharibu magauni ya mama yako. Kila akija anachukua moja, anakwenda kulibana, kana kwamba kitambaa kimemkosea. Mstari wa mama yako haukuwepo kwa sababu kalamu iliisha wino nikiwa namalizia mimi.

Sasa nisikilize. Kana siitaki. Mtu mzima kama mimi nishike mti kama napiga mswaki! Na lile gurudumu lenu dogo nalo ni kisosi, mwekeeni mchumba wangu anywee maziwa. Kuchomoa na kutundika ni kazi ya mtu asiyejiamini. Lakini hili la kukunja pande, hili nimelikubali, kwa sababu nilikuwa nimeshalifikiria kabla barua yako haijafika. Uliza mama yako.

Nimekwisha kulikata. Ndiyo, lile lile, usipige kelele. Nilikaa nalo nyumbani siku nzima nikiwa na msumeno, mama yako akaniambia, "Kata, mume wangu, au lilie, lakini usifanye vyote sebuleni." Nikakata. Nikatia bawaba za mlango. Nikaenda majini peke yangu kulijaribu, nikakunja kona vizuri, na usukani nao ukakunja kona, ubavu mmoja ukabaki mkononi mwangu. Boti ikaenda kuibusu ya tajiri mmoja pale gatini. Rangi tu, haikuumia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitalitengeneza.

Baba yako,
Fundi wa mafundi


Tarehe 9 Aprili

Baba, shikamoo.

Huku tumo salama, mtoto anatambaa na ameshavunja kikombe. Mkweo anakusalimu.

Bawaba za mlango zimeumbwa zifunguke, baba, hazikuumbwa zibebe mkono wa mtu anayepigana na wimbi. Tumia bawaba nene za shaba, halafu kila upande utie pini inayopenya kutoka juu, ili uzito wake uikalishe chini. Pini ikiingia kutoka chini itadondoka siku bahari ikichafuka. Na ufunge uzi kwenye kila pini, zikianguka zisipotelee majini.

Sasa na mimi nisikilize. Fundi cherehani habani gauni ambalo halijalegea. Mama amepungua kiasi gani? Analala? Anaumwa wapi? Mlete huku, baba. Hospitali iko karibu na nyumba yangu, kutoka dirishani naona geti lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nisamehe, si mahali pangu mtoto kukutajia methali wewe, lakini zote umenifundisha wewe.

Nasubiri jibu la hili la pili. La kwanza linaweza kungoja.

Binti yako


Tarehe 18 Mei

Kwako binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kazi. Usidhani nimezeeka.

Bawaba nimepata. Mhunzi wa sokoni alitaka kunipa za bati akasema ni shaba, nikaziuma mbele ya watu, akaona aibu akaleta za kweli. Pini nimechonga mwenyewe kutokana na chuma cha kitanda cha zamani, imara kuliko zenu za dukani. Zinapenya kutoka juu, ila moja nimeitia kutoka chini kwa sababu inapendeza zaidi. Nimepaka mafuta mara nyingi mpaka mama yako amesema usukani unakula kuliko yeye. Mama yako ana maneno!

Ukiona sasa utalia kwa furaha. Unachomoa pini, mbavu zake zinalala, nafasi inafunguka. Upana wa nafasi sikuukisia. Wewe umekulia karakanani, unajua kazi yangu: kila mwenye boti nilikuwa namsimamisha, nachukua ubao mwembamba, nakata upana wa nyonga zake, nao ndio kiolezo. Njia, mlango, benchi, vyote vinafuata ule ubao. Wengine walikuwa wanatumia futi, na wateja wao walikuwa wanakwama. Kiolezo cha mama yako kiko ukutani tangu mwaka tulioshusha boti majini. Nimekipitisha katikati ya benchi na usukani uliokunjwa, kikapita, hakikugusa huku wala huku. Nanga wangu atapita vilevile.

Jirani anakusalimu. Mvua zimekwisha. Mama yako amelala sasa hivi, ndiyo maana hakuandika.

Baba yako,
Mwenye usukani usio na mwenzake


Tarehe 2 Juni

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Pima mama. Usipime ubao.

Nimempigia simu jirani. Alicheka kwanza, akanieleza habari za kinyozi, kisha nikamwuliza mama yukoje, akanyamaza. Yule mama hajui kunyamaza, baba, unamjua. Baadaye akasema gauni la maua, lile mama alilovaa kwenye harusi yangu, amelipunguza, akalipunguza tena, na sasa mama anamwambia asipunguze pembeni, apunguze kwa ndani, ili mzee asione. Akasema mama akisimama anashika meza kwanza.

Nimekuuliza mara ngapi? Unanijibu bawaba.

Nimeomba ruhusa kazini. Ama mje, ama nije nimchukue. Sikuandikii kwa ubaya. Nakuandikia kwa sababu hutaki simu, na mimi kila nikiweka barua kwenye sanduku nahesabu wiki itakazotembea, na mama naye anazihesabu kwa mwili wake.

Binti yako


Tarehe 14 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Leo sina habari za bati.

Barua yako nilipoisoma nilikasirika. Nikasema huyu mtoto nimemsomesha ili aje anifundishe kupima. Nikaitia chini ya godoro. Kulipokucha nikamwambia mama yako, vaa, twende ukaone kazi, kisha tutamwandikia huyu anayejua kila kitu.

Njiani alisimama kwenye duka la mkaa akauliza bei. Mkaa tunao. Mbele kidogo akasimama kwa kinyozi akauliza habari za mke mpya, akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka jasho likamkauka. Nilimwona. Nikajifanya natazama boti.

Tulipofika nikamsaidia kupanda. Nikamwambia simama hapo mlangoni, usisogee, nataka uone kwa macho yako. Nilitaka nichomoe pini mbele yake, usukani ulale, halafu apite akinipigia makofi. Ile pini ya chini ilikuwa imebana. Nikainama kuhangaika nayo. Nikasikia benchi la nyuma linalia. Nikainua kichwa. Mama yako amekaa nyuma.

"Umepita wapi?"

"Hapa."

"Umepanda benchi?"

"Mguu wa kupanda benchi niupate wapi? Nimepita hapa pembeni."

"Mbona usukani sijaukunja?"

"Nimeona, mzee wangu."

Nikatazama ile nafasi, binti yangu. Kati ya usukani uliosimama na benchi. Paka angefikiri kwanza. Kiolezo nilikuwa nimekuja nacho, nimwonyeshe jinsi nilivyopima sawasawa. Nikakiweka mbele yake pale alipokaa. Ncha zote mbili za ubao zikampita: huku nikaona maji, na huku nikaona maji, mama yako yuko katikati.

Akasema, "Ondoa ubao huo, unanipima kama marehemu." Akacheka. Akaniona sicheki.

Nikamwuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Ulikuwa na furaha. Kila jioni unaniletea bawaba niishike. Ningekuambia nini, na macho unayo?"

Kisha akasema fungua kamba, tumeshafika, hatuwezi kurudi bila kwenda. Tukaenda mpaka kwenye boya, tukarudi. Upepo ulikuwa mzuri. Chai hakunywa, aliishika tu ipate kumpasha mikono. Boti ilicheza njia nzima. Nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja na mkono wa pili nimemshika yeye, na hakunitukana hata mara moja, nami ningelipa chochote anitukane.

Tunakuja Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, basi la asubuhi. Mwambie mumeo aje na kiti, kama kuna mahali wanaazima kiti cha magurudumu. Mama yako hataki, lakini aje nacho.

Baba


Tarehe 11 Julai

Baba, shikamoo.

Nadhani umefika salama, ingawa hukusema. Mtoto bado anakutafuta nyuma ya mlango, maana ndipo ulipokuwa unajificha kumchezea.

Madaktari wametuita mimi na mkweo. Daktari ni mwanamke wa umri wangu, alivuta kiti akakaa kabla ya kusema, nikajua. Ugonjwa umekaa tumboni muda mrefu na umesambaa. Hawatapasua. Watampunguzia maumivu, basi. Nilimwuliza ingekuwaje kama tungemleta mwaka jana. Akasema swali hilo huulizwa na kila mtu na yeye halijibu, kwa sababu jibu lake halimtibu mgonjwa. Nami silijibu, baba. Usilijibu na wewe.

Mama anajua. Aliuliza mwenyewe, akajibiwa, akasema, "Haya." Kisha akauliza nani anakupikia chai.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Ulikaa kwangu siku mbili. Ulitengeneza mlango wa bafu. Ulikaza miguu ya meza. Hospitali ulifika na mfuko wako wa vyombo, ukalala chini ya kitanda cha mama kuangalia kwa nini kinalia kikiinuliwa, mpaka muuguzi akakuomba utoke. Vilipokwisha vya kutengeneza ukasema boti haiwezi kukaa peke yake, ukaondoka. Mama alitazama mlango muda mrefu. Nikamwambia baba ana wasiwasi na boti. Akasema, "Baba yako amekwenda kulilia huko anakokujua. Mwache amalize." 

Hajakuuliza tena, lakini kila mlango ukifunguka anageuza kichwa. Siku nyingine hana nguvu ya kugeuza, anageuza macho.

Njoo, baba.

Binti yako


Tarehe 19 Julai

Binti yangu,

Marahaba, wewe na mumeo na mtoto.

Boti haikuwa na shida yoyote. Nilikwenda siku ile ile niliyofika, nikakaa nyuma, nikaukunja usukani na kuukunjua, ukakunja na kukunjua. Hauna kasoro. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na sijamwonyesha mtu. Watu wameniita gatini waje waone, nimewaambia mvua inakuja.

Nitakwambia kwa nini nilitoka pale, kwa kuwa umeuliza bila kuniuliza. Pale hospitali kitanda kile kililia kwa sababu kimekauka mafuta tu. Ningekuwa na tone moja kingenyamaza. Nilipotolewa nje nikakaa kwenye lile benchi refu la korido, nikatazama mikono yangu, nikaona haina kazi yoyote ndani ya nyumba ile kubwa. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kukaa mahali pasipo na kitu cha mikono yangu. Nikaogopa. Usimwambie mumeo neno hilo.

Jana jirani amekuja na gauni la maua. Amelimaliza. Amelikunja dogo, anasema nilichukue. Hakusema kitu kingine, akaenda zake. Sasa tumekuwa wawili tulionyamaza, yeye na mimi.

Nakuja kesho. Ufunguo wa nyumba namwachia jirani, wa boti nimempa kinyozi, aende na mke wake mpya wakazunguke, maji hayana ubaguzi. Waambie wauguzi siombi kitanda wala mkeka. Nimekiona kile chumba, vitanda vimebanana, lakini kati ya kitanda cha mama yako na ukuta pana mahali pa stuli. Pananitosha. Nitakaa kiupande.

Barua hii naitia posta leo na mimi napanda basi kesho, nadhani nitafika kabla yake. Ikifika nikiwa nimekaa pale, usiisome mbele yangu. Iweke tu kwenye mkoba wako uendelee na mambo yako. Yaliyomo siwezi kuyasema kwa mdomo, ndiyo maana nimeyaandika.

Mama yako umwambie nakuja. Na mwambie mfuko wa vyombo nimeuacha nyumbani.

Baba yako